Mshipa Chini ya Hina

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikawaambia kwamba mtu aliyestaafu hana haja ya saa. Mlicheka. Kisha yule dada wa wodi ya wanawake akasema kwamba kama sitaki saa, basi niwaachie ninyi kitu: niandike kazi ilivyokuwa zamani zetu, kabla hamjapata taa ya umeme na sindano zisizohitaji kunolewa. Basi nimekaa hapa barazani kwangu, Shinyanga, saa ikiwa ukutani nyuma yangu, na nimeanza. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo vilichelewa kuja, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Niliingia kazini miaka michache baada ya ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Nilikuwa kijana wa Kisukuma, mwana wa mfuga ng'ombe, na elimu yangu ilikuwa ya kusoma na kuandika tu, niliyoipata kwa wamisionari walionibatiza Paulo, ingawa watu wote waliendelea kuniita Masanja. Daktari wa hospitali ya Shinyanga, Mzungu mpole aliyesema Kiswahili kana kwamba anatafuna mawe, alinionyesha kipimajoto akaniuliza kama najua kukisoma. Nikasema hapana. Akanipa ndoo na fagio. Nilifagia wodi ile mpaka nikaijua kila ufa wa sakafu yake.

Aliyenitoa kwenye fagio ni Mzee Tomasi. Huyu alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliyejifunza kuuguza misheni kwao, kisha akabeba majeruhi wakati wa vita. Alikuwa mfupi, mkimya, na kofia yake nyeupe aliipiga pasi mwenyewe. Kila asubuhi tulisalimiana kwa lugha yangu, "Mwangaluka", kwa sababu alisema salamu nzuri zaidi aliyoikuta huku ni hiyo, na baada ya hapo ilikuwa kazi tu mpaka jua linazama.

Yeye ndiye aliyenifundisha sindano. Enzi hizo bomba lilikuwa la kioo na mchi wake wa chuma, na sindano hazikutupwa. Ikiwa butu, uliinoa kwenye jiwe laini lenye tone la mafuta, kisha ukaipitisha juu ya pamba. Ikivuta hata unyuzi mmoja, bado ina mkwaruzo, inarudi kwenye jiwe. Ndani ya tundu lake uliacha waya mwembamba ili lisizibwe na kutu. Baada ya hapo unaichemsha juu ya stovu, na harufu ya mafuta ya taa na spiriti inakushika kwenye nguo mpaka mkeo anakujua kabla hujabisha hodi. Harufu hiyo bado naipenda. Nikipita kwenye duka la mafuta ya taa husimama kidogo, na mwenye duka hudhani nataka kununua.

"Mgonjwa atakusamehe ukimchelewesha," Mzee Tomasi aliniambia. "Ukimchoma kwa msumari hatakusamehe."

Nilianza kwa kuchoma mapapai. Nikahamia kwenye mkono wake yeye mwenyewe, kwa maji safi ya chumvi, naye akatazama dirishani kama mtu anayesubiri treni. Nilipokosa mshipa mara ya kwanza aliniambia nifumbe macho.

"Umechunga ng'ombe, Masanja?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulipowatoa kupe shingoni usiku zizini, uliuona mshipa?"

"Hapana. Niliugusa."

"Basi gusa. Macho yako yanaona mahali unapotaka mshipa uwe."

Niligusa, nikaupata. Huyo ndiye aliyekuwa chuo changu.

Sasa niwaambie kuhusu Asha, maana nikiulizwa ni mgonjwa gani ninayemkumbuka zaidi, ndiye yeye, na ni kwa ajili yake nilijifunza sindano moja ambayo wengi wenu mmeipiga mara chache.

Baba yake, Mzee Nassoro, alikuwa mfanyabiashara wa nguo pale mjini. Babu yake alitoka pwani, bibi yake Mnyamwezi wa Tabora, na yeye mwenyewe aliongea Kisukuma cha sokoni vizuri kuliko mimi nilivyoongea Kiswahili. Asha alikuwa msichana aliyekaribia kuvunja ungo alipoanza kukonda. Alikunywa maji ya mtungi mpaka mama yake akadhani kuna mtu anayaiba. Walipomleta hospitali alikuwa amebebwa, anapumua kwa kina kama aliyetoka mbioni, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Daktari alichukua mkojo wake, akauchanganya na dawa ya buluu kwenye kijibomba cha kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Ile buluu ikawa kijani, ikawa manjano, ikaishia rangi ya tofali. Mzee Tomasi aliponiona nimepumbaa alinong'ona, "Hiyo ni sukari. Inapita mwilini bila kumlisha."

Dawa ya kuituliza, insulini, ilikuwa bado mpya duniani. Ilitujia kwa treni, vichupa vidogo vimelazwa ndani ya unga wa mbao. Asha alichomwa, akapewa maji kwa mshipa, akarudi. Kutoka siku hiyo maisha yake yalining'inia kwenye kichupa kile, asubuhi na jioni, na nyumbani kwao kichupa kilikaa ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote katika mji wa joto kama ule.

Lakini insulini ina upande wake wa pili. Ninyi mmefundishwa darasani, sisi tulifundishwa na Asha. Wiki chache baada ya kuanza dawa, angali wodini, alichomwa sindano ya asubuhi kama kawaida, kisha akakataa uji. Alisema hauna chumvi. Tukauacha pembeni, tukaendelea na wengine. Kabla ya adhuhuri alianza kucheka peke yake. Akamtukana shangazi yake, Bi Zainabu, aliyekuwa akimuuguza, matusi ambayo mtoto wa nyumba ile hakupaswa hata kuyajua. Bi Zainabu akaanza kulia. Kisha Asha akalowa jasho kama aliyemwagiwa maji, akatulia, na tulipomwita hakuitika.

Mimi nilidhani sukari imepanda tena. Daktari alikuja mbio, akamshika paji la uso, akamtazama jasho, akauliza, "Amekula?"

"Hajala," akasema Mzee Tomasi.

Daktari akatoa kichupa cha kioo kilichofungwa kwa moto, akakikwaruza shingoni kwa tupa ndogo, akakivunja. Ndani mlikuwa na sukari ya zabibu, yaani glukosi, iliyokolea, nzito kama asali changa. Akaivuta kwenye bomba kubwa, akaipeleka kwenye mshipa wa mkono polepole, huku akihesabu kwa Kiingereza chini ya pumzi. Bomba lilikuwa halijaisha Asha alipofungua macho. Alitutazama sote tulivyomzunguka, akauliza, "Nani amechukua khanga yangu?"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nimeona homa ikishuka na kidonda kikifunga, lakini hayo huja taratibu. Hapa mtu alikuwa ameondoka, na alirudi tukiwa tumemshika mkono.

Jioni ile Mzee Tomasi aliniweka chini tukisafisha vyombo. Bomba lile lilitakiwa kuoshwa papo hapo, maana sukari ikikaukia ndani, mchi hunasa, na hautoki mpaka uulowanishe kwa maji ya moto na kuubembeleza. "Shika hili," aliniambia. "Sukari ikizidi, mgonjwa anakupa muda wa kufikiri. Ikipungua hakupi. Jasho, maneno ya ajabu, halafu usingizi. Watu watakwambia amelewa, au ana pepo. Wewe uliza kwanza amekula saa ngapi." Kisha akanionya juu ya mshipa: dawa ile ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, na mkono unaweza kuoza. Lazima uwe ndani, lazima uende pole, hata roho ikikwambia haraka.

Nilikuwa nikimchoma Asha nyumbani kwao mpaka mama yake alipozoea kufanya hivyo mwenyewe. Aliniita Kaka Masanja. Alikuwa mtoto mcheshi mwenye hasira za ghafla, na kitu kilichomkera zaidi ya sindano ni kutazamwa anapokula. "Kila tonge mnalihesabu," alisema. "Hata kuku wa Mama wanakula kwa amani kuliko mimi." Alikua hivyo, akawa mwanamwali mrefu, mwenye macho makubwa, na Shinyanga nzima haikujua ana nini, isipokuwa nyumba yake na sisi wa hospitali. Baba yake ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imewaita watu Geita. Wakulima waliacha pamba, vijana waliacha ng'ombe, na malori yalikwenda yamejaa watu yakarudi yamejaa vumbi. Nami nikapelekwa huko kushika zahanati karibu na mgodi mmoja. Niliagana na Mzee Tomasi kituoni. Alinipa jiwe lake la kunolea, limefungwa kwenye kitambaa. Nilimwambia bado analihitaji. Akasema macho yake hayaoni tena unyuzi wa pamba, kwa hiyo jiwe linamdanganya. Sikumwona tena. Alirudi Ushirombo kulima, na nilipopata habari za kifo chake alikuwa ameshazikwa.

Zahanati yangu ilikuwa nyumba ya bati juu ya kilima chenye mawe. Mashine ya kupondea mawe ilidunda mchana kutwa, ukaizoea kiasi kwamba ikinyamaza watu walitoka nje kuuliza kuna nini. Wagonjwa wangu walikuwa wachimbaji: vidole vilivyopondeka, vifua vilivyojaa vumbi, homa, na vichwa vilivyopasuliwa na majadiliano ya Jumamosi. Daktari alizunguka migodi kadhaa, akifika kwangu mara moja moja, na siku zilizobaki daktari nilikuwa mimi, jambo ambalo hakuna aliyenishauri nilizoee.

Siku moja Mzee Nassoro akaja mlangoni, amevaa kanzu safi katikati ya matope yale. Tulisalimiana, akaketi, akazunguka sana kabla ya kufika. Asha ameposwa. Anayemwoa ni Idi, kijana mwenye duka pale pale kambini kwetu. Nilimjua Idi, na nilimjua zaidi mama yake.

Mama Idi alikuwa mjane aliyeifuata dhahabu kutoka Tabora, akajenga nyumba ya kwanza ya udongo yenye sakafu pale kambini. Alikuwa mrefu, sauti yake nzito, na wachimbaji walioapa kwamba hawaogopi mwamba kuwaangukia walipita mbali na kibaraza chake kama wamelewa.

"Hongera, Mzee," nilisema. "Na wanajua?"

Akatazama chini. "Hawajui. Masanja, wewe ni kama mtoto wangu. Yule mama akijua, atavunja. Na Asha amempenda kijana."

"Siri ya mgonjwa siitoi mimi, Mzee. Lakini ataishi na mama yule nyumba moja. Akianguka, ni nani atakayejua la kufanya?"

"Si upo wewe."

"Mimi naweza kuwa safarini. Naweza kuwa na homa yangu mwenyewe."

"Baada ya harusi tutamwambia," akasema. "Akishaingia ndani, akishapendwa." Aliposimama kuondoka nilimwona amezeeka.

Daktari alipopita nilimwomba aniagizie vile vichupa vya sukari. Aliuliza kama nina mgonjwa wa insulini. Nikamwambia nitakuwa naye baada ya mavuno. Akavileta mwenyewe safari iliyofuata, nikavipanga kwenye kabati pamoja na bomba kubwa na tupa yake.

Ndoa ilifungwa Shinyanga, kisha bi harusi akaletwa kwa lori la baba yake. Walilala njiani Ushirombo kwa jamaa. Asubuhi Bi Zainabu, shangazi yake, akamchoma sindano yake kwa siri ndani ya chumba, wakapanda lori kabla chai haijawa tayari, wakitumaini kula njiani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza mapema. Lori likanasa kwenye mbuga ya udongo mweusi, na wanaume wakashuka kukata matawi na kusukuma. Kapu la chakula lilikuwepo. Lakini somo yake, mwanamke aliyekuja kumfunda na kumsindikiza, alisema bi harusi hatafuni mbele ya wanaume waliojaa matope, asubiri wafike, na Bi Zainabu hakuweza kubisha bila kutoboa siri. Hayo yote nilisimuliwa baadaye.

Mimi nilikuwa mgeni kama wengine, nimekaa na wanaume chini ya turubai nje ya nyumba ya Mama Idi. Jua lilikuwa limepinduka kidogo walipofika. Vigelegele vilipanda, Asha akashushwa amefunikwa, akaingizwa ndani, na ngoma ya wanawake ikaanza. Pilau ilikuwa bado jikoni. Mzee Nassoro alikuja kuketi karibu nami. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Amekula?" Akaniangalia, na nikaona hajui.

Ngoma ikapungua. Ikabaki mikono miwili, ikanyamaza. Tukasikia kitu kikianguka ndani, na sauti ya Asha ikipiga kelele maneno ambayo sitayaandika. Wanaume wakatazamana. Mmoja nyuma yangu akasema pepo amempanda, na mwingine akasema waite mwenye ubani. Bi Zainabu akatokeza mlangoni, kichwa wazi, akanitafuta kwa macho.

"Masanja, ni kama siku ile ya wodini," alisema.

Nilikimbia. Zahanati haikuwa mbali, lakini kile kilima sijawahi kukiona kirefu kama siku hiyo. Nilichukua vichupa, tupa, bomba lililokuwa limechemshwa asubuhi, pamba na spiriti, nikarudi. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Idi, mkono mmoja kwenye mwimo.

"Shikamoo, Mama Idi. Naomba nipite."

"Marahaba. Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa bi harusi. Anahitaji sindano."

"Chumba hicho hakipiti mwanamume leo. Hata mwanangu hajapita. Kama ni pepo, wenye kazi yao wameitwa."

Ningeweza kusema. Sikusema, niligeuka kumtazama Mzee Nassoro. Watu wote wakageuka naye. Alisimama pale katikati ya wanaume aliowauzia nguo na wanaume waliomsukumia lori. Kisha akasogea mpaka mbele ya Mama Idi.

"Mwanangu ana ugonjwa wa sukari," alisema. "Tangu utotoni. Anachomwa kila siku. Nilikuficha. Mpishe huyu kijana, dada yangu, na mengine uniambie akiwa hai."

Mama Idi aliondoa mkono kwenye mwimo, akanitangulia ndani, akiwaambia wanawake wakae kando.

Asha alikuwa amelala ubavu kitandani, shela imechanika, jasho limefanya wanja utiririke. Somo yake alikuwa amepiga magoti na kikombe cha asali, anajaribu kuipitisha kati ya meno.

"Usimmiminie," nilisema. "Hawezi kumeza. Itaingia mapafuni."

Nilimgeuza, nikamwita kwa jina. Hakuitika. Nilivunja kichupa, nikavuta dawa, nikachukua mkono wake. Na hapo nikakwama. Mkono wote, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, ulikuwa umepambwa kwa hina na piko, maua na majani yamesukwa bila kuacha nafasi. Kazi nzuri ya siku mbili. Mshipa ulikuwa chini yake mahali fulani, na jicho langu liliona mishipa kila mahali, maana kila kikonyo cha ua kilifanana na mshipa. Nilitafuta mpira wa kufungia nikakuta nimeuacha kilimani.

"Unataka nini?" Mama Idi aliuliza.

"Mkono ukazwe hapa juu. Kwa nguvu."

Akapiga magoti upande wa pili, akauzungusha mkono wa Asha kwa viganja vyake vyote viwili, akakaza. Mikono ya mwanamke aliyetwanga maisha yake yote hukaza kuliko mpira. Nilifumba macho. Nikasikia wanawake wakinong'ona, mmoja akauliza mbona dresa, ndivyo walivyotuita wauguzi, anasali. Nikapapasa kwa kidole mpaka nikakuta kitu kinachorudisha kidole changu kidogo, kama kamba laini ndani ya maji. Nikaingia. Damu ikarudi kwenye bomba.

"Legeza," nilimwambia Mama Idi, nikaanza kusukuma.

Pole. Mchi ulikuwa mzito. Nilitaka kumaliza, na nilijua nikimaliza haraka nitaharibu. Uso wa Mama Idi ulikuwa karibu na wangu, anautazama mkono, midomo yake inatembea bila sauti. Kichupa cha kwanza kikaisha. Hakuna kitu. Bi Zainabu alianza kulia nyuma yangu. Nikachomoa bomba tu, nikaiacha sindano ndani ya mshipa, nikavunja cha pili, nikavuta, nikaendelea. Nusu yake, Asha akakunja uso. Akavuta pumzi ndefu, akafungua macho, akayafunga, akayafungua tena.

"Mbona mmenifunua kichwa?" alisema.

Kisha akaniona mimi, akaliona bomba. Akageuza shingo akamwona Mama Idi amepiga magoti kando ya kitanda. Nilishuhudia akili yake ikirudi yote kwa mara moja, na sijui kama nilimfurahia au nilimwonea huruma. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Mama," alisema, "baba alificha, lakini na mimi nilinyamaza. Nilitaka nami niolewe kama wengine."

Mama Idi alinigeukia mimi kwanza. "Hii itarudi?"

"Inaweza kurudi, Mama Idi. Akila kwa wakati, hairudi ovyo."

"Leo alikula saa ngapi?"

"Hajala tangu jana," akasema Bi Zainabu.

Mama Idi akainuka. Aliwatazama wanawake wale wote, nao waliothubutu kumtazama usoni walikuwa wachache. "Nyumba ina sufuria tatu za pilau," alisema, "na mtoto wa watu anakaribia kufa kwa njaa kitandani kwangu. Leteni uji." Ulipoletwa aliketi nyuma ya Asha, akamwegemeza kifuani mwake, akamnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mbele ya macho yote yale. Asha alijaribu kugeuza uso. "Kunywa," akaambiwa. "Aibu haishibishi."

Nilibaki mpaka nilipohakikisha akili yake imetulia, nikatoka. Nje hakuna aliyekuwa akila. Mama Idi akatoka nyuma yangu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Nassoro.

"Umenidharau," alimwambia. Hakupaza sauti. "Si kwa sababu mwanao anaumwa. Ulidhani nitamrudisha kama kitambaa nilichokikuta na tundu."

"Niliogopa, dada yangu."

"Na mimi ningemzika leo bila kujua kilichomuua." Akamwita Idi, ambaye alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, amekunja kanzu mkononi kama mtoto. Akamweleza kwa maneno machache. Idi akaniuliza, "Kaka, anaendeleaje?" Nikamwambia anakunywa uji. Akauliza kama anaweza kumwona. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na hakuna aliyemwuliza tena.

Mzee Nassoro alifunika uso kwa mikono miwili. Kisha pilau ikapakuliwa.

Wiki iliyofuata wakaja zahanati wote watatu, Asha, Idi na Mama Idi, ili mume afundishwe kuchoma. Nilimpa Idi papai. Lilikwenda vizuri. Nilipompa mkono wa mkewe na kichupa cha kweli, aligeuka rangi ya majivu, akaketi sakafuni, akalala. Asha alicheka mpaka akashika ubavu. Mama Idi alimruka mwanawe aliyelala, akachukua bomba mkononi mwangu, akasema, "Nionyeshe mimi."

Sijapata mwanafunzi kama yule, na nimewafundisha wengi, wakiwemo baadhi yenu. Aliuliza kila kitu kwa nini. Nilipomwambia kwamba Asha akianza kutoka jasho, angali anaweza kumeza, apewe kitu kitamu papo hapo, alinifanya nirudie mara mbili. Sindano aliinoa kwenye jiwe la Mzee Tomasi kwa subira kuliko mimi. Mtungi wa kuhifadhia dawa aliuzika nusu ndani ya ardhi nyuma ya nyumba, na maji yake yalikuwa ya baridi kuliko ya mtu yeyote kambini. Mvua zilipofunga barabara alimtuma Idi kwa miguu mpaka lori lililokwama, kukichukua kichupa na kukileta kifuani. Walikuwa wakigombana, yeye na Asha, kama wanawake wawili wenye sauti katika nyumba moja. Asha alilalamika kwangu kwamba sasa anahesabiwa matonge kuliko alivyohesabiwa kwao. Lakini niliitwa kwa sindano ile ya mshipa mara chache sana katika miaka yote niliyokaa Geita, na kila nilipoitwa nilikuta mgonjwa amegeuzwa ubavu, mdomo umefutwa, na mkono umeshakazwa juu ya kiwiko, unanisubiri.

Asha hakujaaliwa kuzaa, akalea watoto wa shemeji yake, nao wakamwita mama. Mzee Nassoro alikuwa akija kila baada ya mavuno na gauni la Asha na khanga za Mama Idi, na hawa wawili, baba na mkwewe, wakaketi barazani wakibishana juu ya bei ya pamba kama ndugu.

Mama Idi ndiye aliyetangulia. Kilikuwa kifua, jambo la siku chache, na hakuna nilichoweza kufanya. Nilikwenda kutoa pole baada ya mazishi. Asha alinikaribisha ndani, akaniketisha, akafungua sanduku la mbao la marehemu, maana walikuwa wanagawa nguo zake kwa ndugu.

"Kaka Masanja, njoo uone," alisema.

Akatoa khanga moja, akanionyesha pindo. Lilikuwa limefungwa fundo dogo, gumu. Akalifungua, na ndani yake mlikuwa na kipande cha sukari guru. Akatoa ya pili, nayo hivyo hivyo, na ya tatu. Alizitoa zote moja moja, akaziweka juu ya mapaja yake, na sisimizi walikuwa wameshazijua. Chini kabisa ya sanduku zilikuwepo khanga mpya alizoletewa na Mzee Nassoro mavuno yale, bado hazijakatwa wala kupindwa, hajawahi kuzivaa hata siku moja. Nazo zilikuwa zimeshafungwa fundo.